Kabla Hamjamtoza Faini

Hotuba ya muuguzi wa afya ya akili kwa wanachama wa VICOBA, vikundi vya kuweka na kukopeshana, Mafinga, wilayani Mufindi

Kamwene! Kamwene tena, maana huko nyuma wamekaa kimya.

Ndugu mwenyekiti, viongozi wa vikundi, baba zangu na mama zangu. Nimepewa nusu saa, na katibu ameshaninong'oneza kwamba nikimaliza mimi zinaanza hesabu za hisa. Najua basi kinachowaweka kwenye viti. Kwa hiyo nitaanza na kitu chenu wenyewe: daftari la faini.

Katibu wa kikundi kimoja alinionyesha lake. Sitataja kikundi, msianze kutazamana. Faini nyingi ni za kawaida tu: simu imeita kikaoni, mtu kachelewa, wawili wamebishana mbele ya sanduku. Majina yanatokea mara moja moja na kupotea. Lakini madaftari ya namna hii mara nyingi huwa na jina la mtu ambaye miaka yote hakuwahi kutozwa hata shilingi, halafu ghafla anaanza. Kachelewa. Hakufika. Kafika, hakuleta hisa. Hakufika. Hakufika. Pembeni pameandikwa kwa kalamu nyekundu: "aonywe".

Nikiona ukurasa wa hivyo siwazi utoro. Nawaza sonona, ugonjwa wa akili unaozamisha moyo. Na ombi langu la leo ni moja, nalisema mapema msije mkaondoka kabla sijafika: kabla hamjamtoza faini mtu wa namna hiyo, mwendeeni nyumbani kwake.

Huku kwetu mtu anapimwa kwa kazi. Mwezi wa sita, ukungu umeshuka hadi barabarani na baridi inakata vidole, mama yuko kwenye chai, baba anapakia mbao. Mtu akishindwa kuamka tunalo jina lake tayari: mvivu. Mimi nimekaa na watu hawa miaka mingi, na nawaambieni uvivu una raha yake. Mvivu akikwepa palizi, analala vizuri, anakula akashiba, jioni yuko kijiweni anacheka kuliko wote. Mtu mwenye sonona kaacha palizi na hana raha yoyote aliyoipata badala yake. Amelala kitandani macho yametazama bati, na anajitukana kuliko ninyi mnavyomtukana.

Sonona ni ugonjwa. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu wapatao milioni 330 duniani wanao, na kwamba katika nchi za kipato cha chini na cha kati zaidi ya robo tatu yao hawapati matibabu yoyote. Hatuna kipimo cha damu cha kuutambua. Tunautambua kwa maswali, na maswali hayo yana utaratibu wake, siyo kwamba muuguzi anakutazama usoni na kukisia. Tunatafuta dalili tisa. Mbili ndizo nguzo: moyo kuwa mzito karibu siku nzima, karibu kila siku, au kupoteza hamu ya vitu ambavyo mtu alikuwa akivipenda. Bila mojawapo ya hizo mbili hatusemi ni sonona. Zinazobaki ni usingizi kuharibika, hamu ya chakula au uzito kubadilika, uchovu, mwili na maneno kuwa mazito au kinyume chake mtu kutotulia, kujiona hufai na kujilaumu kupita kiasi, akili kushindwa kushika jambo au kuamua, na mawazo ya kifo. Zikifika tano, zikakaa wiki mbili mfululizo, zikavuruga kazi na maisha ya mtu, hapo tunazungumza ugonjwa.

Sasa rudini kwenye lile daftari. Kachelewa: mwenye sonona mara nyingi hushtuka saa tisa usiku na usingizi hauji tena, na asubuhi ndiyo saa yake mbaya kuliko zote, jioni ndipo anapata nafuu kidogo. Ninyi vikao vyenu mnaanza saa ngapi? Hakuleta hisa: hakwenda kwenye chai kwa sababu kuvaa mabuti tu kumemchukua saa nzima. Kafika akakaa kimya, mkamuuliza anakopa au hakopi, akasema "sijui": ile akili ya kuamua ndiyo iliyoguswa. Na hakufika, hakufika, hakufika: huyo ameshajihukumu kwamba kikundi kitakuwa bora bila yeye. Ukurasa mzima ule ni dalili, na kila dalili mmeitoza faini.

Mtaniuliza, mbona hasemi? Anasema, lakini halisemi hilo. Ni wachache sana wanaokuja dirishani kwangu wakasema "nina huzuni". Wanasema kichwa kinawaka moto. Moyo unaenda mbio. Tumbo limejaa gesi, mgongo, miguu kufa ganzi, mwili hauna nguvu. Wanakwenda duka la dawa, wanapimwa taifodi, wanaambiwa wanayo, wanakunywa vidonge siku saba. Mwezi ujao taifodi tena. Halafu yutiai, ya njia ya mkojo. Halafu vidonda vya tumbo. Kuna watu wana bahasha imejaa vyeti vya maabara na hakuna hata mtu mmoja aliyewahi kuwauliza, "Usiku unalala?" Maumivu yao ni ya kweli, sonona inauma mwilini. Ila ukiona mtu anatibiwa taifodi kila msimu na haponi, aulizwe maswali yale tisa.

Na kinyume chake pia kipo. Siyo kila aliyepooza ana sonona. Upungufu wa damu unachosha hivyo hivyo. Na huku nyanda za juu tuna historia yetu ya rovu. Wazee mnakumbuka, kabla chumvi haijaanza kutiwa madini joto, shingo zilizovimba zilikuwa jambo la kawaida kwenye milima hii. Tezi ile ya shingo ikifanya kazi pungufu, mtu anakuwa mzito, baridi inamzidi, anasahau, moyo unazama. Ndiyo maana daktari makini anapapasa shingo yako kwanza na kuangalia damu kabla ya kuandika sonona. Ukifika mahali ukaandikiwa dawa ya akili bila kuguswa, una haki ya kuuliza.

Inatoka wapi? Mnataka niseme ni madeni. Sawa, madeni yamo. Kausha damu, ile mikopo ya riba kubwa, imelaza watu wengi macho. Mtu amepanda miti, kaisubiri miaka kumi na zaidi akitegemea isomeshe watoto, moto wa kiangazi umepita siku moja asubuhi. Lakini wako walioungua mashamba na hawakuugua, na wako ambao miti yao imesimama, watoto wako shule, na sonona imewashika. Uchunguzi uliofanywa kwa mapacha unaonyesha kwamba karibu theluthi ya uwezekano wa kuugua hutokana na urithi. Sehemu inayobaki ni yaliyompata mtu, tangu utotoni. Kufiwa na mzazi mapema, kupigwa, ugonjwa wa muda mrefu, upweke. Kwa miaka mingi ilisemwa ni upungufu wa kemikali moja ya ubongo iitwayo serotonini. Mwaka 2022 watafiti wa London walipitia tafiti za miongo kadhaa na hawakuona ushahidi wa kutosha kwamba upungufu huo ndio chanzo. Kwa hiyo mtu akiwaambia sababu ni moja tu, iwe kemikali, iwe deni, iwe kulogwa, msimwamini haraka.

Kuhusu kulogwa na kuhusu maombi sina ugomvi na mtu. Mchungaji yuko hapa mstari wa mbele na tunafanya kazi pamoja. Nasema tu kwamba mtu akiombewa, dawa asiache.

Msiba nao nauweka pembeni. Mtu aliyefiwa analia, halali, hali. Lakini uchungu wa msiba huja na kwenda. Katikati ya matanga mtu anasimulia vituko vya marehemu na wote mnacheka, naye anacheka. Anamlilia aliyeondoka, hajichukii yeye mwenyewe. Ikifika mahali amekauka kabisa, hakuna kicheko hata kimoja, anasema yeye ni takataka na alistahili kufa yeye, hapo mleteni.

Kina baba, nakuja kwenu, na najua mnajua ninakokwenda. Takwimu zinasema wanawake wanapata sonona zaidi, karibu mara moja na nusu ya wanaume. Mimi naamini sehemu ya wanaume wetu hawahesabiwi kwa sababu wako kilabuni. Mvua zikianza, mianzi ikianza kutoa, ulanzi ni wa bei ya chini na upo mchana na jioni. Mwanamume aliyeshikwa na sonona hasemi amehuzunika. Anakuwa mkali, anagombana na kila mtu, anakunywa mapema zaidi kuliko alivyokuwa anakunywa. Pombe inamlaza upesi, ndiyo sababu anaipenda, halafu inamwamsha usiku wa manane na usingizi wa nusu ya pili unakuwa wa kuvunjika vunjika. Kesho yake moyo mzito zaidi, dawa yake ulanzi zaidi. Familia inaona mlevi. Mimi nauliza kipi kilitangulia. Mara nyingi mke anakumbuka vizuri: "Alianza kukaa kimya, kunywa kukaja baadaye."

Kina mama, kuna sonona ya baada ya kujifungua. Zaidi ya mwanamke mmoja katika kumi, wajawazito na waliotoka kujifungua, hukutana na sonona. Siku chache za kulialia baada ya uzazi ni kawaida, zinapita ndani ya wiki mbili. Yule ambaye wiki ya tano mtoto analia naye anamtazama tu kama mtoto wa jirani, halafu anajiona mama mbaya, msimwambie ana kiburi. Mama mkwe, wewe ndiye unayekaa naye ndani, wewe ndiye utakayeona kwanza.

Na kuna jambo ambalo mikoa yetu haiwezi kulikwepa. Utafiti wa kitaifa wa 2022–2023 ulikuta maambukizi ya VVU kwa watu wazima ni asilimia 12.7 Njombe na asilimia 11.1 hapa Iringa, kiwango cha juu kuliko mikoa mingine nchini. Mtu anayeishi na VVU yuko katika hatari kubwa zaidi ya sonona, na mwenye sonona huacha kumeza dawa zake kwa sababu haoni za nini. Tukimkuta mtu ambaye virusi vilikuwa vimefubazwa na sasa vimepanda, kumkaripia kwamba haonyeshi shukrani hakusaidii kitu. Aulizwe kuhusu moyo wake, hapo hapo kliniki.

Matibabu yapo. Hapa nataka mnisikilize vizuri, maana ukitaja akili tu, mtu anaona Mirembe, ile hospitali ya wagonjwa wa akili. Anaona gari, kamba, na Dodoma. Hospitali ya Mirembe ilifunguliwa mwaka 1927 na imewasaidia wengi, lakini mtu mwenye sonona ya kawaida hana sababu ya kufika huko. Anatibiwa akiwa kwake, analima, anapika, anakuja kliniki tarehe yake.

Ikiwa sonona ni nyepesi, mara nyingi tunaanza na mazungumzo ya utaratibu na kurudisha ratiba ya siku. Ikiwa imekolea, tunaongeza vidonge. Vinavyotumika sana ni amitriptilini na fluoksetini. Mjue mambo yake kabla hamjaanza kulalamika. Havifanyi kazi siku hiyo hiyo. Inachukua wiki mbili hadi nne kuanza kuona tofauti, wakati mwingine sita. Tatizo ni kwamba maudhi yake yanatangulia: mdomo kukauka, kusinzia, choo kigumu kwa amitriptilini; kichefuchefu na kutotulia kwa fluoksetini. Kwa hiyo wiki ya kwanza mtu amepata maudhi bila faida, anavitupa, anasema dawa za hospitali hazifai. Mumpe moyo avuke hizo wiki. Akishapona, anaendelea angalau miezi sita mingine, kwa sababu anayeacha mapema hurudi kuugua kirahisi. Na akiacha, anapunguza taratibu kwa maelekezo. Si dawa za kulevya, hazimfanyi mtu awe teja.

Jambo moja dogo ambalo wenye VICOBA mtalielewa kuliko madaktari. Kama mtu huyu huyu aliwahi kuwa na kipindi cha kinyume, halali na wala hachoki, anaongea bila kituo, akakopa kwenye vikundi vitatu kwa wiki moja na kununua bodaboda mbili ambazo hana dereva wake, mtuambie. Huo unaweza kuwa ugonjwa mwingine, na vidonge vya sonona peke yake vinaweza kumrusha juu tena.

Sasa mazungumzo. Wengine mnadhani ni ushauri nasaha wa "jipe moyo, kaza buti". Hapana. Majirani zetu wa Uganda, kusini magharibi huko Masaka na Rakai, walijaribu kitu ambacho mkikisikia mtadhani wamewaiga ninyi. Waliwakusanya wanavijiji wenye sonona katika vikundi, wanawake kwa wanawake, wanaume kwa wanaume, wakakutana mara moja kwa wiki kwa wiki 16. Aliyeongoza kikundi hakuwa daktari. Alikuwa mtu wa eneo hilo hilo aliyefundishwa kazi hiyo. Hawakuhubiriana. Kila mmoja alitafuta sonona yake ilianzia wapi: kwenye kifo, kwenye ugomvi wa nyumbani, au kwenye mabadiliko ya maisha kama kuugua au kuachwa, na kikundi kikamsaidia kutafuta la kufanya kuhusu hilo. Matokeo yalichapishwa mwaka 2003. Mwisho wa zoezi, katika vijiji vilivyopata vikundi, waliobaki na vigezo vya sonona walikuwa asilimia 6.5. Katika vijiji ambavyo havikupata, asilimia 54.7. Miezi sita baadaye nafuu ilikuwa bado ipo.

Zimbabwe wao wametumia bibi. Daktari Dixon Chibanda alianza mwaka 2006 kuwafundisha kina bibi wa Harare kukaa na wagonjwa kwenye benchi nje ya zahanati, na utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ukaonyesha waliokaa na bibi walipata nafuu kuliko waliopata huduma ya kawaida. Bibi hapa tunao, na mabenchi tunayo. Mbao ndiyo usiseme.

Lipo lililobaki, nitalisema bila kupamba. Sonona inaweza kufikisha mtu kwenye kutaka kujiua. Watu wanaogopa kuuliza, wanadhani watampa wazo. Hamtampa. Ukimuuliza wazi, kwa upole, mkiwa wawili, "Ndugu yangu, umewahi kufikiria kujiondolea uhai?", wengi hushusha pumzi, kwa sababu hatimaye kuna mtu wa kumwambia. Akisema ndiyo, usimwache peke yake, na siku hiyo hiyo mfike kituo cha afya. Kanuni ya Adhabu inahesabu kujaribu kujiua kuwa kosa, na hofu hiyo inawafanya watu wajifiche. Lakini kumwambia mtu wa afya kwamba mawazo hayo yanakujia si kosa. Mawazo hayashtakiwi.

Na viuatilifu vya viazi na nyanya visikae chini ya kitanda wala juu ya kabati. Sanduku, kufuli, funguo kwa mtu mwingine. Sri Lanka walipopiga marufuku viuatilifu vilivyo vikali zaidi, kiwango cha vifo vya kujiua kilishuka kwa takribani asilimia 70 kati ya 1995 na 2015. Wazo lile baya kuliko yote mara nyingi ni la muda mfupi, na likipita bila sumu kuwa karibu, mtu anabaki hai na anatibiwa.

Katiba za vikundi vyenu zina mfuko wa jamii. Mnatoa pole kwa aliyelazwa, kwa aliyefiwa, kwa aliyevunjika mguu. Andikeni na sonona. Mstari mmoja tu unatosha: mwanachama mwenye cheti cha kliniki ya afya ya akili ahesabiwe mgonjwa, faini za miezi ile zifutwe, na wanachama wawili wateuliwe kumtembelea. Mkienda msibebe maneno mengi. Bebeni kuni, mchoteeni maji, kaeni. Mwambieni tarehe ya kliniki mtakwenda naye. Kumwambia "ukihitaji chochote sema" ni kumpa kazi ya kuamua, na kuamua ndiko kunakomshinda.

Katibu ananionyesha saa. Nijibu lile swali lililoletwa kwa karatasi, maana ni zuri na aliyeliandika hakuweka jina: "Mtu aliyeugua sonona anaweza kuendelea kuwa mweka hazina?"

Anaweza. Akiwa amezidiwa, hesabu zitamsumbua na atakosea, kwa hiyo mpeni msaidizi wa kujumlisha na yeye aweke sahihi. Hatari ya kurudi ipo, takribani nusu ya waliougua mara moja huugua tena siku moja, na ndiyo sababu msaidizi huyo asiondolewe haraka hata mtu akipona. Lakini msimpokonye funguo. Sanduku lenu lina kufuli tatu na washika funguo watatu, fedha ziko salama. Ukimnyang'anya funguo mtu ambaye tayari anaamini hafai, umemthibitishia. Mwacheni nazo, na Jumatano ya kikao mtumeni mtu ampitie nyumbani waje pamoja, hata kama watafika hesabu zimeshaanza.